Nilipoulizwa Amri ya Sita

Nianze na upumbavu wangu, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, nimesimama mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na watu waliojaa stoo ya kahawa huko Ruiru, niliulizwa amri ya sita ni ipi. Swali rahisi kuliko hilo sijui lingetoka wapi. Mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa kwamba kwa Walutheri amri ya sita ni Usizini, na hata vitoto vilivyokaa chini kule mbele vikilamba kamasi vilijua hivyo. Mimi nikasema, "Usiue." Nikaambiwa nifikiri tena. Nikafanya uso wa mtu anayefikiri, halafu nikasema, "Usiue." Kwa wasiojua mambo haya, na sioni kwa nini wayajue, katika kanisa nililobatizwa kule kwetu amri ya kukataza sanamu inasimama peke yake, kwa hiyo Usiue inaangukia nafasi ya sita. Walutheri huziweka sanamu ndani ya amri ya kwanza, kila kitu kinasogea, Usiue inakuwa ya tano, na mwishoni wanaigawa tamaa mara mbili ili zitimie kumi. Kwa hivyo sikuwa nimebuni dhambi mpya. Nilibeba tu namba ya nyumba moja nikaipeleka nyumba nyingine. Lakini siku ile hapakuwa na mtu aliyetaka hesabu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Naomi, tuliyesoma naye darasa lile, alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Arusha akaniambia Mwalimu Aminieli amefariki na watamzika kwao, mlimani. "Unakuja?" akaniuliza. Nikamwambia magoti. Magoti yangu ni kisingizio kizuri sana, nimekitumia tangu kabla hayajaanza kuuma. Mjukuu wangu aliyekuwa amelala kwenye kochi akacheka: "Shosho, hata Thika huendi, sembuse Moshi." Ni kweli. Mimi ni mtu wa nyumba yangu hapa Kimbo, pembeni mwa Ruiru, kiti changu, redio yangu, na lango ambalo nikilifungua mara mbili kwa siku naona nimesafiri. Nikaweka simu mezani nikaendelea kuchambua maharagwe. Kilichonishtua hakikuwa kifo, maana mtu aliyepita miaka themanini ana haki ya kupumzika. Kilichonishtua ni kwamba mikono yangu haikusimama. Maharagwe mazuri huku, mabovu kule. Niliwahi kuwa hivyo mwaka mzima, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu mwaka huo.

Habari za ukoo nitaziruka. Anayezitaka awaulize binamu zangu, wana muda na wanajua kuzipamba. Itoshe kusema kwamba mwaka ule, katikati ya hali ya hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na watu wa msituni, kaka yangu mkubwa aliuawa, na juu ya nani aliyemuua kulikuwa na maelezo mawili, askari wa serikali au watu wa msituni. Kila maelezo yalikuwa na watu wake. Waliokuja kutupa pole walitaka kwanza kujua sisi tunashika maelezo yapi, ndipo wajue wakae karibu na mlango au waingie ndani. Hakuna aliyeuliza alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa anaogopa kuku, mwanamume mzima, tena hakuona haya. Mimi sikulia. Mwanzoni watu walisema ni ushujaa, kisha siku zikapita wakaona bado silii, wakaacha kutumia neno hilo. Mama akanipeleka Thika kwa dada yake, Wanjiku, ambaye kwetu mtu kama huyo tunamwita tata, aliyeolewa na Mchaga mmoja fundi wa boila aitwaye Lema, niliyemwita Baba Lema. Mama alidhani mji utanichangamsha.

Mji wenyewe ulikuwa chumba kimoja Makongeni. Pazia la maua lilikifanya viwili, kwa heshima tu, maana lilizuia macho na si kitu kingine. Upande wetu tulilala mimi na Rehema, mtoto wao aliyekuwa na miaka miwili na mateke ya punda. Upande wa pili kitanda cha wakubwa, sanduku, na picha ya kanisa la kwao Baba Lema ikiwa na theluji nyuma, ambayo wageni wote Wakikuyu waliitazama kwa adabu wakidhani ni doa. Tata alipika githeri, mahindi na maharagwe, na Baba Lema aliila kama mtu anayetimiza wajibu. Jumapili alijaribu kumpikia mtori wa kwao, ndizi na nyama, akaupika mpaka Baba Lema akasema, polepole, kwamba huo ni mtori ila umekufa. "Basi zika," tata akamjibu, akampa kijiko. Nyuma ya ukuta wa kushoto aliishi Mama Halima, mke wa fundi cherehani, Mwislamu ambaye mwenyewe alisema damu yake imechanganyika kiasi kwamba akigombana na mtu yeyote anagombana na jamaa. Alikuwa akizungumza nasi kupitia ukutani bila kuinua sauti. Jioni moja nikamsikia, "Wanjiku, hiyo mtoto yako ni mgonjwa?" Tata akamjibu, "Sio mgonjwa. Hiyo ni kunyamaza tu." "Basi anyamaze akifanya kitu," ukuta ukasema. Wiki iliyofuata Baba Lema akaniandikisha mafundisho ya kipaimara.

Walutheri upande wetu walikuwa wachache, wengi wao watu wa Tanganyika waliofuata kazi kwenye mashamba na viwanda. Hawakuwa na kanisa. Walikuwa na stoo ya shamba moja la kahawa Ruiru, waliyopewa kwa siku za mwisho wa juma, na Mwalimu Aminieli, aliyekaa Makongeni mstari wa nyuma yetu. Kila Jumamosi alitupeleka mimi na mtoto mwingine wa mtaani aitwaye Zakayo kwa basi mpaka huko. Siku hizi Juja ni wanafunzi na vyumba vya kupangisha mpaka mlangoni pa choo. Wakati ule ilikuwa mkonge, halafu kizuizi cha askari, halafu mkonge tena. Kwenye kizuizi Mwalimu alitoa karatasi yake iliyosema ni mwalimu wa dini na ana ruhusa ya kupita na wanafunzi wake, akaikunja, akairudisha mfukoni, akaendelea na sentensi aliyoikatiza. Alikuwa hajafika miaka thelathini, mrefu, mkimya, na mifuko yake ilinuka nyama. Hiyo harufu ndiyo ilikuwa shule yake. Alikuwa akiokota kurasa za magazeti buchani na dukani, zile za kufungia vitu, akazikunjua na kuzifundishia.

Kukariri tulikariri, hilo halikuwa na njia ya kulikwepa. Katekisimo inakupa amri, inakuuliza maana yake, kisha inakupa jibu, nawe unalimeza lilivyo. Lakini tukishameza, Mwalimu Aminieli aliuliza tena: "Na hapa Ruiru, leo Jumamosi, maana yake nini?" Halafu akatandaza gazeti juu ya gunia. Kwa amri ya kwanza alituonyesha tangazo la sabuni, mwanamke mweupe wa meno na maneno ya kuahidi kwamba ngozi ikilainika hata karani atakuoa. "Huyu mama anamtumaini nani?" Naomi, aliyekuwa binti wa mpishi wa shamba na mdomo wake haukuwa na breki, akasema, "Anatumaini sabuni, Mwalimu." "Na wewe?" "Mimi sabuni yenyewe sina." Tulicheka, yaani wao walicheka, na Mwalimu akasema tujibu swali sasa, maana tumeshacheka: kama si sabuni, ni nini. Kwa amri ya nane, ya kumshuhudia jirani uongo, alikwenda kwanza akafunga mlango. Zilikuwa siku za watu waliofunikwa gunia kichwani, wakipitishiwa wenzao mstari, wakitikisa kichwa kuonyesha nani achukuliwe. Hakuleta gazeti kwa hiyo. Aliongea chini chini, na hata Naomi alinyamaza.

Alikuwa na rafiki mchungaji aliyekwenda kusoma Ujerumani, ambaye alimtumia vitabu na habari za wasomi wa huko. Kwa hiyo nusu ya sentensi zake zilianza na "wasomi wanasema," na Naomi alimwigiza vizuri, mikono nyuma, shingo mbele: "Wasomi wanasema uji umepoa." Nakumbuka siku aliyotueleza kwamba miaka michache tu nyuma, karibu na Bahari ya Chumvi, mchunga mbuzi alitupa jiwe ndani ya pango akasikia chungu kinavunjika, na ndani ya vyungu kukakutwa maandiko ya manabii yaliyokaa humo tangu kabla ya Yesu kuhubiri. Hata sasa, akasema, kuna watu wanakunjua vipande kwa vibano, wakiogopa kupumua, na maneno waliyosoma humo yanakaribiana sana na haya tuliyo nayo. Naomi akasema mbuzi wa kwao hupotea kila siku na hawajawahi kupata kitu. "Kwa sababu wewe ukishika jiwe hulengi pango, unamlenga Zakayo," Mwalimu akamjibu. Ni yeye pia aliyetueleza kuhusu namba za amri, siku hiyo akinitazama mimi. Katika maandiko yenyewe, alisema, hazikuandikwa namba. Wayahudi wanahesabu kivyao, Walutheri kivyao, wengine kivyao, kama zile namba walizopaka rangi kwenye milango ya Makongeni, ilhali watu walikuwa wanalala ndani kabla ya rangi. "Nyambura, siku ya mtihani tumia hesabu ya hapa," akasema. "Ukirudi kwa mama yako, tumia ya kwake. Mungu hatapotea njiani."

Na ile ya Usiue tuliifika. Hakukunjua gazeti. Aliuliza tu lile swali lake la hapa na leo, na mmoja mmoja wakajibu, wengine vizuri, wengine kwa kuiga aliyetangulia. Ilipofika zamu yangu nilitazama gunia. Liliandikwa uzito na alama ya shamba, nikaisoma ile alama kwa makini kama mtu atakayeulizwa. Sikuwa nimezuia machozi, nataka hilo lieleweke. Hapakuwa na kitu cha kuzuia. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa, unaujua ni wako, unaubonyeza, hauitiki. Mwalimu akafuata macho yangu mpaka kwenye gunia. "Nyambura atajibu siku atakayotaka," akasema, akamwita Zakayo.

Matatizo yalianza na gramofoni. Kwa amri ya sita, hiyo hiyo iliyokuja kuniaibisha, Mwalimu aliazima gramofoni ya mume wa Mama Halima, tukaibeba kwenye basi imefungwa kanga, na askari wa kizuizi wakataka kwanza iimbe ndipo ipite. Stooni akatuwekea wimbo wa dansi uliokuwa ukivuma kila hoteli, wa mwanamume anayemlalamikia mke aliyemwacha kijijini kwa miaka. "Nani amevunja nini hapa?" akauliza. Mjadala ulikuwa mkali, Zakayo akimtetea mwanamume na wasichana wote wakimshukia, mlango ukafunguka akaingia Mzee Shadraki. Huyu alikuwa msimamizi wa meza za kuanikia kahawa na mzee wa kwanza wa kanisa letu, na nisije nikamfanya shetani, maana hakuwa. Ujanani alipelekwa shamba la mbali, akapatwa na homa, akalala peke yake siku nyingi akijisomea katekisimo kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho, na aliamini hiyo ndiyo iliyomrudisha. Aliusikiliza wimbo mpaka ukaisha. "Mwalimu, hii ni kanisa ama ni hoteli?"

"Ni kanisa, mzee. Wimbo huu watoto wanaujua kuliko katekisimo. Bora wausikie mbele yangu."

"Mimi nilifundishwa neno, nikafundishwa maana yake, nikikosea nikapigwa. Sijasahau mpaka leo."

"Hujasahau neno, mzee, au kupigwa?"

Ni swali zuri, na mpaka leo naona bora Mwalimu angelimeza. Mzee Shadraki akatutazama sisi, akaitazama gramofoni, akatoka bila kufunga mlango.

Jioni chache baadaye Baba Lema alirudi kutoka kikao cha wazee, kabla tu ya kafyu, saa ya kukatazwa kutoka nje, akala, na mimi nikiwa nyuma ya pazia na miguu ya Rehema tumboni nikasikia akimwambia tata, "Wamesema mtihani ndio utaamua. Watoto wakijibu sawasawa mbele ya Mchungaji, Aminieli ataendelea. Wakikwama, darasa ananyang'anywa."

"Akinyang'anywa si atafute kazi ingine? Kiwanda cha mananasi kinachukua watu."

"Karatasi yake ya kukaa hapa inasema mwalimu wa dini. Bila darasa yeye ni nani? Watamrudisha Moshi."

"Si ni kwao? Huko hakuna vita, Baba Rehema. Mimi ningeenda kesho."

"Yeye aliacha shule ya misheni kule, na nyumba ya bati, akaja huku kwa sababu kila aliyeombwa kuja alikataa. Anasema watoto wa huku ndio wanaohitaji kuulizwa maswali. Hataki kuondoka, Wanjiku. Ameniambia mwenyewe."

Halafu ukuta ukasema, "Na gramofoni yetu msiitaje." Mimi nililala pale nikiyapokea yote kama habari za mvua ya nchi nyingine. Nilielewa kila neno. Nilijua mtu mwema atafukuzwa tukikosea, na kesho yake nikakariri zaidi, kwa bidii, bila hofu wala huruma, kama vile mtu anavyofagia.

Siku hizi mwalimu wa kipaimara wa kanisa letu hapa Ruiru anawaonyesha watoto video kwenye simu, anawauliza kuhusu nyimbo zao na mambo ya mtandaoni, anawaambia wataalamu wa Biblia wameandika nini mwaka huu, na hakuna mzee anayesimama mlangoni. Wajukuu wangu wanapiga miayo. Nikiwaambia kuna mtu aliyetishiwa kufukuzwa nchini kwa sababu ya kufundisha hivyo, wananiuliza alikuwa na wafuasi wangapi. Nawaambia sita, na watatu kati yao hawakuwa wanasikiliza.

Jumapili ya mtihani Mchungaji alikuwa amefika kwa gari moshi kutoka Tanganyika, mzee mfupi mwenye sauti kubwa. Kwa desturi yao mtihani haufanywi ofisini. Unafanywa mbele ya kusanyiko zima, wazazi nyuma yako, na aliyebatiza mbele yako, ili kila mtu asikie unachoamini kabla hujapewa meza ya Bwana. Tata alikuwa amenishonea gauni jeupe, na mume wa Mama Halima akalinyosha mabega bila kuulizwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa karani wa shamba, kwa sababu mkusanyiko wowote wa watu siku zile ulihitaji mtu wa kuusikiliza. Mzee Shadraki ndiye aliyeuliza. Naomi akajibu vizuri mpaka akaanza kuongeza, Mchungaji akamwambia inatosha. Zakayo akajibu kama mtu anayekimbizwa. Wote walifaulu. Nilimwona Mwalimu Aminieli amesimama ukutani, vidole vyake vikihesabu kimya waliobaki, na nilibaki mimi.

Hilo la amri ya sita nimeshalisema. Mara ya kwanza kuna aliyecheka. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Namba ya Kilutheri nilikuwa naijua, niliijua usiku uliotangulia na nimeijua kila siku tangu hapo, lakini kinywani mlikuwa na neno moja tu na ndilo lililotoka. Mzee Shadraki akawa kama anataka kuniacha, nadhani alinihurumia. Mchungaji ndiye aliyesema kwa sauti ile kubwa, "Haya. Umesema Usiue. Maana yake nini?" Jibu la katekisimo nilikuwa nalo, refu na zuri, la kutomdhuru jirani mwilini na kumsaidia. Badala yake nikasikia mtu anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, na alikuwa mimi. "Maana yake ni kwamba mtu akishauawa, tusimuue tena kwa kuuliza alikuwa upande gani."

Stoo ilikuwa na mapanya na siku ile hata wao walitulia. Karani kule nyuma akainua uso. Sijui kama mtu ambaye hakuishi miaka ile anaweza kuelewa neno "upande" lilivyokuwa na uzito. Mzee Shadraki akamgeukia Mwalimu, akaongea haraka: "Mwalimu, mtoto huyu hakusoma. Si ndiyo? Sema hakusoma, tutamrudisha mwakani." Ulikuwa mlango ulio wazi, na mtu yeyote aliuona. Mimi ningerudia mwaka, na hilo halingeniumiza, hakuna kilichokuwa kinaniumiza. Wengine wote wamefaulu. Darasa lingebaki lake.

"Amesoma," Mwalimu Aminieli akasema. "Hiyo ni hesabu ya kanisa alikozaliwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba maandiko yenyewe hayana namba, na wasomi wako pamoja nami katika hilo. Na maana aliyoitoa, mzee, sijasikia iliyo sahihi zaidi mwaka huu."

Mchungaji akatutazama sote kwa zamu. Alikuwa ametoka nchi ambayo haikuwa na kafyu, na nafikiri ndipo alipoanza kuelewa amefika wapi. "Mtoto amefaulu," akasema mwishowe. "Tuimbe."

Baadaye kulikuwa na wali na mbuzi nje ya stoo, na mimi nilikula vibaya sana, yaani nilikula wa watu wawili. Tata akaninong'oneza, "Angalia vile anakula, kama mtu hajafanya kitu." Naomi akasema kwa kunitetea, "Amefanya, tata. Amepunguza mbuzi." Nikaona karani amemvuta Mzee Shadraki pembeni, wanaongea, karani akielekeza kidole kwenye stoo, na Mzee Shadraki akiitikia kwa kichwa, mabega yake yakishuka kila anapoitikia.

Mzee Shadraki alikuja Makongeni mwenyewe, katikati ya wiki, hakutuma mtu, na hilo namhesabia. Chumba cha Mwalimu kilikuwa na kiti kimoja, kwa hiyo wakaja kukaa chumbani kwetu. Tata akawapa chai akatoka nje na Rehema. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia langu, na hawakuuliza kama kuna mtu.

"Namba tungesamehe," Mzee Shadraki alisema. "Wenye shamba wametuambia wakisikia mambo ya upande tena, wanafunga stoo. Tutasali wapi?"

"Naelewa, mzee."

"Nilikupa mlango. Nilikuambia useme hakusoma."

"Alikuwa amesoma."

"Hata mimi nilijua amesoma. Ndiyo maana mlango nilikupa wewe, sio yeye."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha Mwalimu akauliza, bila ubishi wowote, kama anavyotuuliza sisi, "Jibu lake wewe uliliona vipi, mzee?"

Kijiko cha Mzee Shadraki kikazunguka kikombeni. "Mimi nina watu mia mbili kwenye hizo laini za vibarua," akasema. "Mimi sina ruhusa ya kuona." Akaomba chai zaidi, na wakainywa pamoja mpaka ikaisha, wakiongea kuhusu mvua za mlimani, maana walitoka kata moja.

Darasa likapewa mzee mwingine, fimbo ikarudi, magazeti yakabaki buchani. Karatasi ya Mwalimu haikufanywa upya. Jioni kabla ya kuondoka alikuja kutuaga, akamshika Baba Lema mkono, akamwambia tata ataukumbuka mtori wake, na tata akamwambia akae na uongo wake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sanduku. "Nyambura," akasema, "umejibu." Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nilitafuta kitu kingine cha kusema, nikatafuta kwa dhati, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua hana kitu.

Asubuhi yake wote walikwenda stesheni ya Thika. Baba Lema aliomba ruhusa kazini, Zakayo alibeba sanduku la vitabu, Naomi na babake walikuja toka Ruiru kwa lori la kahawa. Mimi nilisema nitabaki kumwangalia Rehema, nao wakamchukua Rehema. Kwa hiyo nikabaki kuangalia mlango. Nilikaa kwenye kizingiti nimevaa lile gauni jeupe, sijui kwa nini nililivaa, nikatazama bomba la maji la mtaa na wanawake wakijaza ndoo. Nilikuwa najipima. Nilijiambia nikisikia chochote, hata kidogo, hata kama ni hasira, nitainuka niende, kwa sababu kwenda kumuaga mtu aliyepoteza yote kwa ajili yako ukiwa na uso mkavu ni kumtukana. Nikangoja. Jua likapanda likafika kwenye vidole vyangu vya miguu. Mama Halima akatoka kumwaga maji ya kuoshea mchele, akaniona, akaniuliza kwa nini sikuenda na wenzangu, na kwa kuwa yeye alikuwa ukuta zaidi kuliko mtu nikamweleza yote, kwamba nangoja na hakiji kitu. Alinisikiliza na karai mkononi. Halafu akasema:

"Mtoto, yaani unangoja usikie uchungu ndio uende? Treni haijui hayo mambo. Nenda hivyo hivyo umekauka, mkono wa kumpungia si unao."